Mawese na adrenoleukodistrofia

Mama wa Kadutu, umeuliza kama kumnyima mtoto mawese kutazuia adrenoleukodistrofia, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo na tezi za adrenali (tezi ndogo zilizo juu ya figo). Hapana, usimnyime. Asidi za mafuta zilizo kwenye mawese zina hasa kaboni 16 na 18; zinazodhuru ni za kaboni 24 na 26, na nyingi mwili hujitengenezea kwa kurefusha zile fupi. Protini ya jeni ABCD1 ikiharibika, hizo ndefu haziingii kwenye peroksisomu (vifuko vidogo ndani ya seli) zikavunjwe, zinarundikana kwenye mielini (utando unaofunika neva) na tezi za adrenali.

Tezi hizo ndizo za kushughulikiwa haraka! Ngozi ikizidi kuwa nyeusi, akitapika, akilegea, muombe daktari apime kortisoli ya asubuhi (homoni ya tezi hizo) na ACTH (homoni inayoziamuru ziitengeneze). Msingoje picha ya ubongo. Haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kortisoli, haitibu ubongo lakini inaokoa maisha. Akipata homa, hata ya malaria, dozi huongezwa mara 2 au 3.