Maji ya mgongo ni maangavu, malaria hakuna: je, si malale?

Swali (mteknolojia wa maabara, Urambo, Tabora): Mrina asali kutoka misitu ya Kaliua ana homa ya wiki 3, kichwa kinauma, mchana anasinzia, usiku halali. Kipimo cha haraka cha malaria ni hasi. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa maangavu. Tuliyasoma baada ya saa 2: seli nyeupe 18, vimelea hakuna. Tumwambie daktari si malale?

Jibu: Msimwambie hivyo bado, ndugu. Tatizo ni zile saa 2. Kwenye maji ya mgongo tripanosoma, yaani vimelea vya malale, huanza kupasuka dakika 10 hivi baada ya kutolewa. Baadaye hata zikiwemo huzioni. Na uangavu usiwatulize. Maji huwa na ukungu kwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Kwa malale kwa kawaida hubaki safi. Zaidi ya seli 5 kwa mikrolita tayari si hali ya kawaida.

Lakini anzeni na damu, maana malale ya huku kwetu Tabora na Kigoma, ya aina ya rhodesiense, mara nyingi huwa na vimelea tele kwenye damu. Kipimo cha haraka hutafuta protini za malaria tu, kwa hiyo slaidi ni lazima kwa yeyote anayeumwa na mbung'o porini. Wekeni tone bichi chini ya kifuniko cha slaidi, lenzi ya 40, mtafute mahali chembe nyekundu zinaposukumwasukumwa. Hamkuona? Jazeni mirija myembamba 4 yenye heparini, izungusheni dakika 5 kwenye mashine ya hematokriti, kisha someni mpaka wa plazima na tabaka jeupe. Rudieni siku 3 mfululizo, kwa kuwa idadi hupanda na kushuka. Kipimo cha CATT, kinachotafuta kingamwili za malale, msikitumie. Kilitengenezwa kwa aina ya gambiense, malale ya Afrika Magharibi na Kati.

Mkirudia mgongo, darubini iwe tayari kabla ya sindano. Zungusheni kwa nguvu ya 1000 g dakika 10, msome mashapo papo hapo. Maji yakichanganyika na damu, seli na vimelea vya damu vitawapotosha.

Vimelea visipoonekana kabisa, seli 18 bado zinadai maelezo: pimeni VVU, kriptokoka (fangasi wa ubongo) na kifua kikuu.

Vikionekana, miongozo ya WHO ya 2024 inatanguliza dawa ya feksinidazoli, kwa hatua zote mbili za malale (ya damu na ya ubongo), kuanzia miaka 6 na kilo 20. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza miligramu 1800 kwa siku 4, kisha 1200 kwa siku 6, pamoja na chakula, akisimamiwa. Bila chakula dawa hainyonywi vya kutosha, kwa hiyo mgonjwa anayesinzia hadi asiweze kula, daktari ajue kabla ya kidonge cha kwanza.