Pigo refu likadakwa, fupi likashinda mechi: ilikuwaje?

Swali: Nimeona filamu ya zamani ya Willie Mays akidaka mpira huku ameupa kisogo uwanja mzima, mwaka 1954. Rafiki yangu anasema mechi hiyohiyo iliamuliwa na homurani (pigo linalovuka ukuta, mpigaji na walioko vituoni wote wakapata pointi) fupi kuliko pigo lile lililodakwa. Inawezekanaje? Kwani uwanja wa besiboli hauna vipimo?

Jibu: Rafiki yako hajakudanganya. Waamuzi wapya ninaowafundisha huwa naanza nao na mechi hii.

Ni tarehe 29 Septemba 1954, mechi ya kwanza ya World Series, yaani fainali ya besiboli ya Marekani, uwanja wa Polo Grounds, New York. Cleveland, walioshinda mechi 111 msimu ule, wako 2-2 na wenyeji Giants katika awamu ya nane (kila awamu, kila timu hupata zamu moja ya kupiga). Wana watu wawili vituoni na hakuna aliyetolewa. Vic Wertz anautwanga mpira katikati kabisa, zaidi ya mita 125. Mays, mlinzi wa Giants katikati ya uwanja, anageuka na kutimua mbio kuelekea ukutani, mpira unamjia kwa juu ya bega, anaudaka. Watu wengi husimulia hapo wakaishia, lakini jicho la mwamuzi linatazama kinachofuata: anajizungusha papo hapo na kuurudisha mpira ndani, kofia ikimdondoka. Larry Doby, aliyekuwa kituo cha pili, anaambulia cha tatu tu. Cleveland hawakupata kitu awamu ile.

Awamu ya kumi, Giants nao wana wawili vituoni. Kocha Leo Durocher anampumzisha Monte Irvin na kumwingiza Dusty Rhodes, anayepiga kwa kushoto. Rhodes anaunyanyua mpira ukingoni kulia, unavuka ukuta kwa taabu, kama mita 79. 5-2, mechi imekwisha.

Vipimo vipo, ila vya ndani. Kituo hadi kituo ni mita 27.43 na mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, popote duniani. Umbali wa ukuta wa nje aliupanga kila mwenye uwanja. Ni kama soka: penalti ni mita 11 kila mahali, lakini urefu wa uwanja unaruhusiwa kuwa mita 90 au 120.

Polo Grounds ulikuwa na umbo la kwato ya farasi, mwembamba na mrefu. Pembeni kulia ukuta ulikuwa mita 78.6, kushoto mita 85, katikati mita 147. Wertz naye alipiga kwa kushoto. Mpigaji wa kushoto akiuwahi mpira, unakwenda kulia. Yeye aliunyoosha katikati, kwenye shimo la uwanja. Angeuwahi kidogo tu, ungetua kwa watazamaji.

Na je, pigo la Rhodes lilikuwa halali? Ndiyo. Kanuni inataka ukuta uwe angalau mita 76 kutoka kwa mpigaji. Ukiwa karibu zaidi ya hapo, mpira ukiuvuka mpigaji hupewa vituo viwili tu. Polo Grounds ulipita mtihani huo kwa mita mbili na ushee.

Baadaye wakubwa wa mchezo wakaona haya. Ikaamuliwa kwamba viwanja vitakavyojengwa baada ya tarehe 1 Juni 1958 viwe na angalau mita 99 pembeni na mita 122 katikati. Vya zamani havikuguswa. Kichekesho ni kwamba mwaka huohuo Dodgers, timu nyingine, walihamia Los Angeles na kuchezea Coliseum, uwanja wa riadha, ambako ukuta wa kushoto ulikuwa mita 76.5. Wakautundikia wavu wa karibu mita 13 kwenda juu ili kupunguza aibu. Mwaka 1959 akaja Wally Moon, naye mpigaji wa kushoto, akajifunza kuuchelewesha mpira makusudi na kuubetua juu ya wavu ule.