Mitishamba ya kulinda ini: jua jina lake kwanza

Msomaji ameniuliza amchemshie mumewe mzizi gani, maana amepimwa na kukutwa na homa ya ini aina ya B. Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili, nikaona haitoshi.

Baba yangu aliugua ugonjwa huohuo. Ndugu mmoja akaleta dumu la dawa nyeusi, chungu, vipande vya magome vimetuama chini. Nikauliza mna nini humo. "Dawa ya ini." Nikamtafuta muuzaji, akasema ni siri ya ukoo. Nikaikataa mbele ya wote. Nilisemwa sana, kwamba namnyima mzazi dawa, kwamba kisomo kimenipanda kichwani. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Baba aliendelea na tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi aliyoandikiwa hospitali, ALT yake (kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia) ikashuka, na hakuna aliyerudi kuniomba radhi.

Si kwamba napinga mimea. Mbegu za Silybum marianum, mmea wa miiba wenye maua ya zambarau, hutoa silimarini, mchanganyiko wa kemikali za mmea huo, na baadhi ya hospitali za Ulaya huitumia kwa dripu kuwaokoa waliokula uyoga wenye sumu. Lakini hiyo ni dozi iliyopimwa, mikononi mwa daktari. Mmea wa Phyllanthus amarus nao ulitikisa dunia mwaka 1988, utafiti wa India uliporipoti kwamba wengi waliotumia walipoteza dalili za virusi vya B kwenye damu. Majaribio yaliyofuata hayakupata matokeo hayo.

Kila unachomeza kinapita kwenye ini, hata kile unachoambiwa kinalitibu. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge vya kurkumini, yaani kiini cha manjano, iliyokolezwa, ikachanganywa na kiini cha pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, vimeshaumiza maini ya watu. Kwa vidonge vya chai ya kijani, mwaka 2018 wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walitahadharisha kuhusu dozi ya kuanzia miligramu 800 kwa siku za EGCG, kemikali iliyomo kwenye chai hiyo.

Basi ndugu zangu, ulizeni jina la mmea. Asiyelitaja, rudisheni dumu lake. Pimeni ALT na mwenzake AST kabla ya kuanza chochote, mpime tena baadaye, na daktari aambiwe kila kinachonywewa nyumbani. Macho yakiwa ya njano na mkojo ukikolea kama chai ya rangi, acheni mitishamba yote, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Mwenza na watoto wa mwenye virusi vya B wapimwe pia. Wasio navyo na wasio na kinga wachanjwe.