Simu ya bimkubwa imerisetiwa inadai Gmail ya zamani: usikimbilie kuflashi, anza na laini

Mkuu nimekusoma. Kwa wanaoingia sasa hivi, jamaa anasema simu ya mama yake ilikuwa inagandia kwenye logo, fundi wa mtaani akairiseti kwa vile vitufe vya pembeni, imewaka vizuri ila sasa inadai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo, mama hakumbuki paswedi, laini aliyofungulia akaunti ilipotea, na fundi huyohuyo anataka hela nyingine aiflashi, yaani aipige programu upya. Halafu mwishoni kauliza laptop ya mdogo wake inayodai namba ndefu ya BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski. Mimi nina stationery maeneo ya Mabibo, bango linasema kuprinti na kuskani ila siku hizi wengi wanaoingia wameshika simu mkononi wanasema "kaka nisaidie kuingia", kwa hiyo haya nakwambia kwa ninayoyaona pale.

Fundi akiiflashi au akiibaipasi (akairuka hiyo kinga) anafungua simu tu, akaunti ya mama haigusi kabisa. Namba za watu wa kikoba, picha za familia, bakapu ya WhatsApp, kama vilikuwa vinahifadhiwa Google basi viko ndani ya akaunti na akaunti itabaki imefungwa vilevile, mama atarudishiwa simu inayowaka ambayo haina mtu hata mmoja ndani. Na hicho kinachodai akaunti sio ubovu, ni kinga ambayo Google waliiweka toka Android 5.1 mwaka 2015 ili mwizi akikupora simu Ubungo akairiseti ashindwe kuitumia. Ndio maana sipendi kabisa hii tabia ya kukimbilia kuflashi, unalipa hela kuvunja mlango wa nyumba yako wakati hata funguo hujautafuta.

Sasa kabla hujatoa hata mia, angalia hiyo skrini vizuri. Simu nyingi za miaka ya karibuni pale zinakupa njia mbili, ama uingize akaunti ama uingize PIN au patani iliyokuwa inafungulia simu kabla haijarisetiwa. Simu ya mama yako haikurisetiwa kwa sababu alisahau patani, ilirisetiwa kwa sababu ya kugandia, kwa hiyo patani anayo. Ila usimuulize kwa mdomo! Mpe simu mkononi, akae kama anavyokaa siku zote, mwambie fungua. Kuna mama mmoja anauza maandazi alikuja na mjukuu wake, mjukuu ameshikilia simu anamwambia bibi taja, tunaanzia nukta ipi, bibi anasema mjukuu wangu nimeshasahau. Nikamwambia mpe mwenyewe. Bibi akafuta unga kwenye kanga, akashika simu kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikashuka kikakata kona kikapanda, ikafunguka, hata yeye alishtuka. Patani iko kwenye kidole, haiko mdomoni. Ikikubali hapo simu imepona bure, ila akaunti bado unaihitaji kama unataka namba na picha, kwa hiyo endelea kusoma.

Laini. Hapa ndipo watu wengi wanaparuka na ndipo penye kazi yote. Google wakitaka kuhakikisha ni wewe, njia yao mojawapo kubwa ni kutuma OTP, zile namba za siri za kutumia mara moja, kwenye namba ya simu uliyoweka, kwa hiyo ukiwa na ile laini kazi inakuwa ya dakika chache na usipokuwa nayo unaanza kuhojiwa. Nenda na mama mwenyewe kwenye duka la mtandao husika akarudishe laini, awe na kitambulisho cha NIDA au hata namba ya NIDA, maana toka laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 20, 2020 huwezi kumrudishia mtu laini bila kidole chake. Wanaweza kumuuliza namba anazopiga mara kwa mara au salio la mwisho, aziwaze mkiwa kwenye daladala. Vidole vya wazee waliofua na kulima mashine huwa inavigoma, anawe mikono kwa sabuni, ajaribu na vidole vingine, asikate tamaa.

Ila kabla hamjapanga foleni piga *106# kwenye simu yoyote yenye laini ya mtandao ule, kuna sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa NIDA ya mtu. Nakwambia hivi kwa sababu laini nyingi za wazee zilisajiliwa na mtoto, mpangaji, au yule kijana wa mwamvuli kwa kidole cha mtu mwingine, mama anasema ni yangu nimeitumia miaka yote, mfumo unasema ni ya mtu ambaye hata hamumjui. Kama imesajiliwa kwa mtoto basi huyo mtoto ndio aende dukani. Na kama laini ilikaa muda mrefu bila kutumika mtandao unaweza kuwa umeshaigawa kwa mteja mwingine, hapo isahau, na akaunti ikirudi tu iondoe hiyo namba haraka sana maana OTP za mama zitakuwa zinaenda kwa mtu baki.

Ukishakuwa na laini, au ukishajua haipatikani, ndio uende g.co/recover. Kama hata anwani ya Gmail hamuijui pale pana sehemu ya kusahau anwani, wanataka namba ya simu au email ya akiba pamoja na jina kama lilivyoandikwa, na jina ndilo linalowaangusha wengi kwa sababu akaunti ilifunguliwa dukani siku simu inanunuliwa na muuzaji akaandika anavyojua yeye, "Mama Fulani" au jina moja tu au herufi kakosea. Jaribu hayo majina ya ajabuajabu. Pia kama nyumbani kuna TV ya Android au tableti ya watoto iliyowahi kuingizwa akaunti yake, anwani utaiona imekaa pale kwenye akaunti.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote, fanya hiyo kazi ukiwa kwa mama, kwenye Wi-Fi au hotspoti anayoitumia siku zote, kwenye simu au kompyuta ambayo akaunti yake iliwahi kuingia, na brauza ileile. Google wanaangalia vitu hivyo kama ushahidi. Mtu anakuja kwangu Mabibo, anaishi Mbagala, akaunti haijawahi kuonekana kwenye kompyuta yangu hata siku moja, kila jibu analotoa ni sahihi na bado wanamwambia hatukuweza kuthibitisha, namrudisha nyumbani akajaribu sebuleni kwake na anapita. Nakosa hela yangu lakini ndio ukweli wenyewe.

Wakikuuliza paswedi ya mwisho unayoikumbuka usiache tupu, weka ya karibu zaidi hata kama unajua ilishabadilishwa, na uwe makini na herufi kubwa na ndogo. Swali usilolijua kisia kwa akili badala ya kuliruka. Wakikataa usirudierudie palepale, ukikosea mara nyingi wanakufungia kwa muda, pumzika urudi baadae ukiwa na taarifa mpya. Wakati mwingine wanakwambia subiri, inaweza kuwa masaa au siku kadhaa wachunguze, basi subiri kweli na uwe unaangalia email uliyowapa mpaka kwenye spamu.

Paswedi mpya ikikubali usiiandike kwenye ile simu palepale ukaikasirikia ikigoma. Ushauri wa Google ni kuacha masaa 24 baada ya kubadili paswedi kabla ya kuitumia kwenye simu iliyorisetiwa. Najua fundi atakwambia "si umeona, haifunguki, lete niflashi". Mwache, kesho yake jaribu tena.

Na tafadhali, yeyote anayekuja inbox kukwambia anarudisha akaunti kwa elfu kadhaa umtumie OTP kwanza, ni mwizi, hakuna mjadala. Google hawatozi hela kurudisha akaunti na hawakupigii simu kukuomba hizo namba. Kuna watu wamepoteza akaunti na hela za kwenye simu siku moja kwa njia hiyo, inaniuma kila nikisikia.

Sasa mkishaingia, sehemu ya kuiweka simu sawa ili msirudi hapa. Kwenye usalama wa akaunti weka namba ya mama anayoitumia sasa, na email ya akiba weka yako wewe mwanae. Ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili chukua na zile namba za akiba, zinakuja 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja, ziprinti. Anwani na paswedi ziandike kwenye daftari likae kabatini na vyeti vya nyumba. Wapo watakaosema kuandika paswedi ni hatari, mimi kwa mzee nasema andika, mwizi wa mtandaoni hafungui kabati la Gongo la Mboto, kusahau ndio adui anayemjia kila mwaka. PIN ya hela ndio isiandikwe popote.

Majina yahifadhiwe kwenye akaunti ya Google na sio kwenye laini, angalia pale juu unaposevu namba imeandikwa inakwenda wapi. WhatsApp weka ile PIN ya tarakimu 6 pamoja na email, bila email akisahau PIN anasubiri siku 7. Bakapu yake ichague Wi-Fi tu, la sivyo bando la wiki linaisha usiku mmoja, na kumbuka inakula kwenye zile GB 15 za bure pamoja na picha na Gmail, kwa hiyo video za "asubuhi njema" za magrupu zifutwe. Tena akaunti ya Google ikikaa miaka 2 bila kuguswa wanaweza kuifuta, wale wenye simu za akiba kabatini waingie mara mojamoja.

Lugha ya simu, chagua ile ambayo wewe pia unayo kwenye yako. Ukimuwekea Kiswahili weka na yako Kiswahili, maana siku atakapokupigia wewe uko kazini Posta unamwambia "nenda settings" na yeye anaona Mipangilio, mtagombana bure.

Halafu weka PIN kwenye laini yenyewe, hii watu hawaifanyi na inasaidia sana. Mwizi akipora simu iliyofungwa anachomoa laini anaweka kwenye kitochi chake, OTP zote zinaingia kwake, anabadilisha paswedi za watu. Laini ikiwa na PIN hapo anakwama. Tahadhari, usibahatishe PIN ya mwanzo, angalia kile kiplastiki laini ilipokuja au waulize huduma kwa wateja, ukikosea mara 3 inadai PUK, ile namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ukikosea mara 10 laini imekufa. Na meseji zisionekane maudhui yake skrini ikiwa imefungwa. Piga *#06# uandike IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari lilelile, ikiibiwa utaihitaji polisi kwenye loss report.

Laptop ya mdogo wako. Hiyo namba ina tarakimu 48 na mara nyingi inadaiwa baada ya matengenezo au sasisho, mfano fundi kabadilisha mazabodi au kagusa BIOS, ile mipangilio ya ndani inayowaka kabla ya Windows. Kama alikuwa anaingia kwa akaunti ya Microsoft, fungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu, ingia kwa akaunti hiyo, utaziona namba, linganisha kitambulisho cha funguo kilichoandikwa kwenye skrini ya laptop na kile cha kwenye ukurasa ndipo uingize. Kama ni laptop ya kazini au chuo waulize watu wao wa IT. Kama alinunua iliyotumika na funguo iko kwa mwenye mwanzo, amtafute muuzaji. Asikubali "nikupigie Windows mpya" kabla hajatafuta, hiyo inafuta kila kitu na kama kuna ripoti ya field mle ndani imeenda. Akaunti ya Microsoft nayo, ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa mpigo wanakusubirisha siku 30, kwa hiyo kama bado ana namba au email moja inayofanya kazi aitumie hiyo kwanza.

Fanya kwa mpangilio huo, patani kwanza leo usiku, kesho asubuhi duka la laini, halafu g.co/recover ukiwa kwa mama. Ukikwama andika hapa maneno yanayoonekana kwenye skrini yalivyo neno kwa neno na aina ya simu, nitakujibu, ila email ya mama na namba yake ya simu usiziweke hapa.