Shamba la maharage huanzia jikoni: maneno kwa maafisa ugani wapya

Ndugu zangu mlioripoti kazini mwaka huu na kukabidhiwa kazi ya kuhimiza kilimo cha maharage na mikunde mingine, nawaandikia mambo ambayo mimi niliyajifunza kwa kuchelewa. Wengi wenu mmekuja na lengo lililoandikwa kwa ekari na kilo, nami nilianza hivyo hivyo katika kata moja ya wilaya ya Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, nikiwa na aina mpya ya maharage iliyokuwa ikizaa vizuri kuliko za wenyeji. Msimu wa kwanza shamba darasa lilipendeza, wageni wakapiga picha, nami nikaandika taarifa ya kujisifu. Msimu uliofuata nilizunguka vitongoji vyote bila kuona hata tuta moja la mbegu ile. Nilipomuuliza mama mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, alinikaribisha kigoda, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole: «Mwanangu, maharage yako yanazaa kweli, lakini yanakula kuni kuliko sisi tunavyoyala.»

Badala ya kulisikiliza jibu hilo, niliandika makao makuu kwamba wakulima hawako tayari kubadilika. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na ndivyo nilivyofanya. Ilinichukua misimu miwili kukubali kwamba aina ya maharage isiyoiva haraka haiwezi kudumu katika nyumba ambayo mtu mmoja ndiye anayekata kuni, anayechota maji na anayepika.

Kwa hiyo, kabla hamjagawa mbegu yoyote, fanyeni jaribio la kupika, tena lifanyieni uani kwa mtu, si ofisini. Chukueni aina tatu au nne zilizovunwa msimu mmoja, pimeni nusu kilo ya kila aina, zilowekeni usiku mmoja, kisha ziinjikeni katika sufuria zinazofanana, kila sufuria na fungu lake la kuni lenye uzito sawa. Nasisitiza msimu mmoja kwa sababu maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevunyevu hugoma kuiva hata kama asili yake ni laini, na mimi nilikwisha kuihukumu aina nzuri kwa kosa hilo. Waachieni kina mama waamue. Mtawaona wakichota punje kwa mwiko, wakiipuliza, wakiibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, na wengine wakiisikilizia ganda linavyotelezea mbali na moyo wa punje. Hawatazami muda tu, bali pia mchuzi kama ni mzito na una rangi ya kuvutia, na kama kiporo cha kesho yake bado kitalika. Yaandikeni yote hayo, kwa maana hiyo ndiyo orodha ya sifa ambayo mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), katika kituo cha Uyole au cha Selian, angependa kuipata kutoka kwenu.

Suala la magadi litajitokeza, na si vyema kulikemea juu kwa juu. Magadi hulainisha maharage upesi, ila huharibu vitamini B1 iliyomo, na kuloweka usiku kucha huokoa kuni bila hasara hiyo. Waelezeni pia kwamba madini ya chuma yaliyo katika maharage hupokewa vizuri zaidi mwilini mlo unapokuwa na limau, chungwa au mboga mbichi, na kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Zaidi ya hapo, msiwafundishe watu kupika. Mahali penye makande, kiburu cha Uchagani, kisamvu kilichoungwa kwa karanga na mbaazi za nazi zinazoliwa na mahamri asubuhi pwani, afisa ugani ni mgeni mezani.

Sasa nirudi shambani, kwenye jambo ambalo sisi wenyewe hulikosea mara kwa mara. Tunapenda kuwaambia wakulima kwamba maharage hurutubisha udongo, tukaishia hapo, na mkulima anaelewa kwamba hahitaji mbolea wala samadi. Kinachofanya kazi hiyo ni bakteria wanaoishi katika vifundo vya mizizi, wanaochukua nitrojeni iliyo hewani, na maharage ya kawaida ni dhaifu katika kazi hiyo yakilinganishwa na kunde, soya au mbaazi. Yanahitaji madini ya fosforasi ili vifundo vifanye kazi, na ukiyamwagia urea nyingi yanatoa majani mengi na vifundo vichache. Njia bora ya kulieleza ni kumng'olea mkulima mmea mmoja wakati wa maua, kwa jembe na kwa uangalifu, mkasuuza mizizi ndani ya ndoo, kisha mkapasua kifundo kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi, na kikiwa cheupe au cha kijani, hakuna kinachoingia udongoni. Sijawahi kuona somo la darasani lililozua maswali mengi kama ukucha ule.

Liko na la pili. Wakulima wetu wengi hung'oa mmea mzima, wakaupeleka nyumbani kupura, na mabua yakaishia kuchomwa au kuliwa na ng'ombe, kwa hiyo sehemu kubwa ya rutuba tunayoihubiri huondoka shambani pamoja na mavuno. Aliye na nguvu na ayarudishe mabua hayo, au samadi ya mifugo iliyoyala. Mbaazi ni tofauti, kwani ikipandwa pamoja na mahindi hukua polepole mwanzoni bila kuyasumbua, hupeleka mizizi chini sana, na hupukutisha majani yake palepale mahindi yanapokwisha kuvunwa. Tatizo lake ni mifugo inayoachiwa kuzurura mashambani wakati mbaazi bado imesimama, na tatizo hilo halitatuliwi kwa mbegu bora bali kwa mkutano wa kijiji.

Nikitaja mbaazi, siwezi kupita mwaka 2017 kimya kimya. Wakulima wa Babati, mkoani Manyara, na wa mikoa ya kusini walikuwa wamepanda kwa wingi kwa kulitegemea soko la India, na mwezi Agosti mwaka huo India iliwekea mipaka kiasi cha mbaazi kinachoingia nchini mwao. Bei ilianguka hadi watu wakaona afadhali kuziacha shambani. Nilifika Manyara baadaye na kukuta magunia yamepangwa hadi darini katika nyumba ambazo watoto walikuwa wakila ugali kwa mboga za majani tu, kwa kuwa mbaazi ilihesabiwa kuwa ni ya dalali. Soko la nje ni jema na sishauri mtu alikatae. Ila zao ambalo nyumba haijazoea kulila humwacha mkulima mikono mitupu siku mnunuzi mmoja anapobadili sheria.

Kuhusu mbegu, nitasema kwa ufupi. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake kwa misimu kadhaa bila aina kupotea, lakini magonjwa husafiri ndani ya punje. Mfundisheni kuchagua mbegu shambani, kwenye mimea isiyo na madoa meusi yaliyodidimia kwenye maganda, badala ya kusubiri kuchota kisado gizani siku ya kupanda. Pale inapowezekana, saidieni kikundi kizalishe mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zile ambazo wakulima wenyewe huzizalisha kwa kukaguliwa, chini ya usimamizi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Ghala ndilo lililobaki. Dumuzi wa maharage, mdudu anayetoboa punje, huanza kutaga mayai mazao yakiwa bado shambani, na ndiyo maana mkulima huuza maharage yote mwezi wa kuvuna, bei ikiwa chini, kisha Desemba akayanunua tena kwa bei ya juu. Mifuko isiyopitisha hewa huwaua dumuzi kwa kuwanyima pumzi, mradi maharage yawe makavu na mfuko usitobolewe na panya. Katika kikundi cha Mbozi tulifunga mfuko mmoja mwezi Juni tukaufungua Desemba mbele ya watu. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu punje zisizo na matundu, lakini yule mama mwenyekiti alichota viganja viwili, akavinusa, akaniuliza kama yanaiva. Tuliinjika chungu palepale, na mazungumzo ya mifuko yakasubiri hadi maharage yalipoiva.