Kabla ya kuweka mfumo wa mauzo dukani, anza na kreti, dumu na mche wa sabuni

Siku ya nne tangu tuanze kutumia kompyuta kuuzia, skrini ilinionyesha kwamba soda zilizobaki dukani ni hasi 37. Kreti zilikuwa zimepangwa nyuma yangu, nazigusa kwa mkono. Binti anayekaa kaunta, mtu makini sana kwenye chenji, alianza kulia akidhani nitamwita mwizi. Hakuwa na kosa. Mzigo ulipoingia mimi niliandika 5, nikimaanisha kreti 5, na mfumo ukapokea chupa 5. Tukauza chupa 42. Tano toa 42 ni hasi 37, wakati kwenye kreti kulikuwa na chupa 78. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu alikuwa ametiliwa shaka mbele yao.

Duka letu liko Kihonda, Morogoro. Tunauza jumla kidogo na rejareja zaidi. Tangu siku ile nimeupanga mfumo wetu upya mara mbili, na nimewasaidia wenzangu wa vyakula, vipodozi na vifaa vya ujenzi kuweka wa kwao. Kila mfumo niliouona ukitelekezwa na watu kurudi kwenye daftari ulikuwa umeharibikia kwenye vipimo na hesabu ya mwanzo, kabla hata risiti ya kwanza haijatoka. Kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda mrefu, mengine nitayapitia haraka.

Programu nyingi zimetengenezwa kwa duka ambalo kila kitu kina pakiti yake na bei yake moja. Sisi tunanunua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa vitatu. Sukari inaingia kwa mfuko wa kilo 50, inatoka kwa kilo, nusu na robo. Mafuta ya kula yanaingia kwa dumu la lita 20. Sabuni ya mche inanunuliwa kwa katoni, inauzwa mche mzima au kipande. Ukimwachia aliyekuuzia mfumo aamue haya, ataandika "sukari, 1" halafu ataondoka.

Kanuni ninayoifuata ni hii: mali ihesabiwe kwa kipimo kidogo kabisa mnachouza, hata kama mnanunua kwa magunia. Soda ni chupa. Sabuni ya mche ni kipande, na sisi kila mche tunaukata vipande vinne, hakuna anayeruhusiwa kukata vitano. Kama programu ina nafasi ya kuandika kipimo cha kununulia na cha kuuzia, ijaze: kreti 1 ni chupa 24. Kama haina, bandika karatasi ukutani pale mzigo unapopokelewa, iandikwe kila bidhaa ina vipande vingapi, na anayeingiza mzigo azidishe kabla ya kugusa kibodi. Bei ya kununulia nayo igawanywe. Ukiandika bei ya kreti nzima kwenye chupa moja, ripoti itakuonyesha kila soda inayouzwa inakula hasara ya maelfu, na mwisho wa mwezi hutaamini ripoti yoyote, hata iliyo sahihi.

Robo ina jambo lake. Robo ya sukari haiuzwi kwa robo ya bei ya kilo. Tuseme kilo ni shilingi 3,000: robo ingekuwa 750, lakini dukani ni 800, kwa sababu kuna mfuko wa kufungia na kuna kazi ya kupima. Kwa hiyo kumfundisha muuzaji aandike kilo 0.25 hakutoshi, maana bei itatoka 750 na droo itazidi kila jioni. Tengeneza bidhaa ya pili, "Sukari robo", yenye bei yake, ila kila ikiuzwa ipunguze 0.25 kwenye sukari ya kilo. Loyverse, ambayo wenye maduka madogo wengi wanaitumia kwenye simu, ina bidhaa ya namna hiyo, inayoundwa kwa kiasi fulani cha bidhaa nyingine. Programu isiyo na uwezo huo, wala haipokei namba yenye nukta kwenye idadi, usiilipie kama unauza nafaka, misumari ya kilo au waya wa mita. Jaribu mbele ya muuzaji wake kabla hujatoa hela.

Mfuko wa kilo 50 hautoi robo 200. Sukari inamwagika, mizani inazidisha kidogo, mfuko wenyewe una uzito. Mfuko ukiisha, sisi tunaandika tofauti kama upotevu, mbali kabisa na mauzo. Baada ya miezi michache utajua kiasi cha kawaida kwa duka lako, na siku kikipanda ghafla utaanza kwa kuangalia mizani kabla ya kumwangalia mtu.

Chupa tupu wengi wanazisahau. Mteja akichukua soda bila kurudisha chupa anaacha hela, na hela hiyo si mauzo, ni amana. Iwekee bidhaa yake, "Amana ya chupa", inayoongezeka mteja akilipa na kupungua akirudisha. La sivyo droo itazidi leo na kupungua kesho, na mtazunguka mkitafuta mwizi ambaye hayupo.

Majina ya bidhaa nayo yanaamua mengi. Printa ya karatasi ya milimita 58 kwa kawaida inaandika herufi 32 kwa mstari, ya milimita 80 herufi 48. Kwenye karatasi nyembamba, ukitoa bei na idadi, jina linabaki na herufi chache mno. Ukiandika jina refu la kampuni kwanza na ujazo mwishoni, ujazo ndio unaokatwa, na mteja anaona bidhaa mbili za jina moja zenye bei tofauti. Sisi tunaanza na aina, kisha ujazo, kisha chapa: "Dawa meno 100g" halafu jina la chapa. Tena tunaandika jina ambalo wateja wanalitamka. Muuzaji anayetafuta "sabuni ya unga" hatakumbuka kwamba wewe uliandika maneno yaliyo kwenye pakiti.

Kuhusu misimbo pau, ile mistari myeusi yenye namba kwenye pakiti, bidhaa nyingi za viwandani zina namba ya tarakimu 13. Zinazoanza na 620 zimesajiliwa Tanzania, 616 Kenya, ingawa hiyo inaeleza kampuni ilikosajiliwa, wala si lazima bidhaa itengenezwe huko. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, inakokotolewa kutoka zile 12 za mbele, na ndiyo maana skana inakataa namba iliyokosewa. Kwa vitu visivyo na msimbo, kama sukari ya kupima, usijitungie namba ovyo ikaja kugongana na bidhaa halisi. Namba zinazoanza na 2 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Yetu ya kwanza ni 2000000000015: ile 1 ni namba ya bidhaa, na ile 5 ni tarakimu ya ukaguzi.

Ukiandaa orodha kwenye Excel, chunga sana. Excel inaiona namba ndefu kama hesabu na kuionyesha kwa kifupi, 6.2E+12, na ukihifadhi faili la CSV (faili la maandishi matupu la kuingizia orodha kwenye mfumo) likiwa hivyo tarakimu za mwisho zinapotea kabisa. Sifuri ya mbele nayo inaondolewa, na kuna bidhaa kutoka nje zinazoanza na sifuri. Rafiki yangu mwenye duka la vipodozi alipoteza kazi ya siku tatu kwa njia hii. Kabla ya kuandika chochote, geuza safu nzima ya misimbo iwe maandishi, ndipo uanze kuskani ndani yake.

Sasa hesabu ya mwanzo. Funga duka. Najua inauma, lakini kuhesabu huku mnauza ni kuandika namba ambayo haikuwahi kuwa kweli hata dakika moja. Sisi tulifanya Jumapili jioni hadi usiku. Watu wawili kwa kila rafu, mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika, kisha timu zinabadilishana rafu bila kuonyeshana karatasi. Namba zikitofautiana, rafu hiyo inahesabiwa mara ya tatu mbele ya wote. Vilivyoharibika au kupita muda vitolewe kabla ya kuhesabu. Kama huwezi kumaliza duka zima usiku mmoja, anza na bidhaa zinazotoka sana, nyingine ziingie rafu kwa rafu wiki zinazofuata. Duka lenye bidhaa 80 zenye hesabu ya kweli liko salama kuliko lenye bidhaa 900 za kukisia.

Kodi nitaisema kwa ufupi, ila usiiruke. Risiti ya mfumo wako wa mauzo siyo risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na siku hizi kuna VFD, yaani EFD isiyo na mashine, inayoweza kuunganishwa na programu, lakini mpaka uunganishe kwa utaratibu wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), karatasi ya printa yako ni ya kumbukumbu tu. Yetu imeandikwa chini "Hii si risiti ya kodi", na mteja anapewa ya EFD pamoja nayo. Kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), angalia mpangilio wa bei: imejumuisha kodi au haijajumuisha? Kwa kiwango cha kawaida cha 18%, bidhaa ya shilingi 11,800 ina kodi ya 1,800 ndani yake. Nimekuta mfumo uliokuwa unakokotoa 18% ya hiyo 11,800, yaani 2,124, na mwenye duka hakujua. Na usiingize kodi kwenye bei kwa kalamu. Tengeneza makundi ya kodi, kila bidhaa iwe kwenye kundi lake, kwa sababu viwango vinabadilika: hapa kwetu VAT ilishuka kutoka 20% hadi 18% mwaka 2009, na Kenya ilishushwa hadi 14% Aprili 2020 kisha ikarudi 16% Januari 2021. Mwenye makundi anabadilisha namba moja tu.

Sisi kwa sasa tunatumia uniCenta oPOS, programu huria iliyotokana na Openbravo POS. Niliipenda kwa sababu naweza kuifungua na kuibadilisha. Muundo wa risiti ni maandishi ya XML, yaani maandishi yenye alama za kupangilia, ukiwa na subira utaweka jina la duka, namba ya simu na maneno ya kushukuru wateja kwa namna unayotaka. Maneno ya skrini yako kwenye mafaili ya maandishi ndani ya folda inayoitwa locales. Nilikaa jioni kadhaa nikiyatafsiri, na binti yule wa kaunta ndiye aliyenisahihisha. Mimi niliandika "Lipa" kwenye kitufe cha mwisho, yeye akasema kitufe ni cha muuzaji, na muuzaji halipi, anapokea. Kikawa "Pokea pesa". Tangu hapo kila ninapomsaidia mtu, wanaokaa kaunta wanakaa na mimi wakati wa kupanga vitufe. Punguza vitufe. Bidhaa 20 zinazotoka sana ziwe mbele, zingine zitafutwe.

Kila muuzaji awe na nywila yake, na hii ni kwa ajili ya kumlinda yeye. Kufuta mauzo na kurudisha bidhaa kuwe na idhini ya msimamizi. Punguzo liwe na kikomo, kwa sababu wateja wetu wanapatana bei na muuzaji asiyeweza kupunguza hata shilingi 100 atakukosesha wateja. Njia za malipo zitenganishwe: taslimu, Lipa namba, benki, deni. Simu inayopokea ujumbe wa Lipa namba ikae kaunta, isiwe mfukoni mwa bosi aliye safarini, maana hapo ndipo ujumbe wa kughushi unapopita. Jioni wakati wa kufunga hesabu, muuzaji ahesabu droo na kuandika kiasi kabla mfumo haujamwonyesha unachotarajia. Akiona namba kwanza, atahesabu mpaka aifikie.

Umeme ukikatika ghafla katikati ya mauzo, kanzidata, yaani pale mfumo unapotunza kumbukumbu zote, inaweza kuharibika. Ilitutokea mara moja, na nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Nunua betri ya akiba ya kompyuta kabla ya kununua skana nzuri. Nakala ichukuliwe kila jioni, moja ibaki dukani, nyingine iende nyumbani kwenye flashi, na mara moja kwa mwezi irudishe kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka.

Daftari letu la zamani bado lipo chini ya droo, kalamu imefungwa kwa uzi. Umeme ukikatika muda mrefu, kila mauzo yanaandikwa humo kwa namba ya mfululizo, bidhaa, idadi, na njia ya malipo. Ukirudi, mmoja anasoma na mwingine anaingiza, kila mstari ulioingia unawekewa alama ya vema, na hesabu ya siku haifungwi mpaka mstari wa mwisho uwe na alama.