Jibu: Bodi ya kitivo inaundwaje, na mwanafunzi ana kauli humo?

Mdogo wangu, salaam kutoka Ngamiani. Umeuliza bodi ya kitivo ina nani na nani, na kama mwakilishi wa wanafunzi anasikilizwa kweli, maana wenzio hapo Tanga wanakusukuma ugombee.

Baadhi ya wajumbe hawapigiwi kura. Wanaingia kwa vyeo vyao: amidi, yaani mkuu wa kitivo, ambaye kwa kawaida ndiye mwenyekiti, na wakuu wa idara. Wanaopigiwa kura ni wawakilishi. Wahadhiri wanachagua wenzao, wanafunzi nao wa kwao. Idadi yao na muda wa kukaa hutegemea hati idhini, yaani hati iliyoanzisha chuo chako, na kanuni zake, kwa hiyo ziombe uzisome kabla hujachukua fomu. Bodi inajadili mitaala na mambo ya taaluma, kisha mapendekezo yanakwenda Seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni. Juu kabisa kuna Baraza la Chuo.

Mimi nilikaa kwenye bodi kama hiyo. Kikao cha kwanza nilipewa kabrasha asubuhi ileile, nikanyamaza mpaka mwisho, na iliniuma sana. Cha pili nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimeshinda maabara nikihesabu wanafunzi wanaosubiri darubini moja: saba. Niliposoma hiyo namba, mkuu wa idara aliacha kupekua karatasi zake akaniangalia.

Kwa hiyo gombea, mdogo wangu. Ila weka wakala makini, na asitoke chumbani mpaka kura ya mwisho ihesabiwe.